Dar es Salaam: Operesheni nyingi, imani haba kwa polisi

KILA wimbi la uhalifu linapolikumba Jiji la Dar es Salaam, jibu la kwanza la vyombo vya dola huwa ni operesheni. Kamanda huwaita waandishi wa habari, bastola na mapanga yaliyokamatwa hupangwa juu ya meza, watuhumiwa hutajwa kwa idadi, na wakazi wa jiji huambiwa kwamba hali ni shwari. Baada ya miezi kadhaa mkutano wa namna hiyo hufanyika tena. Meza ni ileile, mapanga ni mengine.

Hakuna anayesema polisi wasifanye misako. Mwananchi aliyevunjiwa nyumba saa nane za usiku huku watoto wake wakitishwa kwa panga hana muda wa kusikiliza nadharia. Anataka waliomvamia wakamatwe kesho asubuhi. Lakini inafaa tujiulize kwa nini misako hiyo, ambayo imebadilishwa majina na makamanda kwa zaidi ya miongo miwili, haijaacha nyuma yake mitaa iliyo salama kwa kudumu. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, polisi wa jiji hili wana nguvu za kutosha. Wanachokosa ni habari, na wanazikosa kwa sababu mwenye kuzijua anawaogopa.

Mji wenyewe si ule wa zamani. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 2,487,288 mkoani Dar es Salaam. Ile ya 2012 ikahesabu 4,364,541, na ya 2022 ikafikia 5,383,728. Katika miaka 20 jiji limezidi mara mbili, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda kukaa Mbagala, Chanika, Kivule, Goba na kwingineko ambako nyumba zilitangulia na barabara zikafuata, kama zilifuata. Gari la doria halipiti katika vichochoro vya Manzese wala Tandale. Hata Serikali ingeajiri askari mara mbili ya waliopo, bado asingepatikana wa kusimama kila uchochoro.

Kwa hiyo mhalifu wa Dar es Salaam, kama mhalifu wa mji mwingine wowote, hukamatwa kwanza na macho ya jirani. Mama lishe ndiye anayejua kwamba kijana fulani ghafla ameanza kulipia wenzake chakula. Dereva wa bodaboda ndiye aliyembeba mtu mwenye mzigo usioeleweka alfajiri. Mjumbe wa nyumba kumi ndiye anayejua chumba kipi kimepangishwa kwa watu wasiolala. Habari hizo zipo, na zimekuwapo siku zote. Tatizo ni safari ya kutoka kwa mama lishe hadi kaunta ya kituo cha polisi.

Ili kuielewa safari hiyo ni lazima turudi Januari 2006, kwani yaliyotokea mwezi ule hayajatoka vichwani mwa watu.

Serikali ya Awamu ya Nne ilikuwa haijatimiza mwezi mmoja madarakani. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umeshamiri na jiji lilikuwa na hofu. Januari 14, polisi wa Dar es Salaam walitangaza kwamba wamewaua majambazi wanne katika mapambano ya kurushiana risasi, kwenye ukuta wa Posta, Sinza. Habari ilipokelewa kama habari nyingine za aina hiyo zinavyopokelewa, yaani kwa faraja. Wengi wa wasomaji wa magazeti siku ile hawakuuliza lolote, na pengine baadhi yao walipiga makofi.

Waliouliza ni ndugu wa marehemu. Walijua kwamba watatu kati ya hao wanne walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na wa nne alikuwa dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba. Kelele zao zilifika mbali kiasi kwamba Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa. Tume ilibaini kuwa hapakuwa na mapambano yoyote. Watu wale walikamatwa wakiwa hai Sinza Palestina, wakapelekwa msitu wa Pande, na huko wakauawa.

Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa na aliyekaimu ukamanda wa polisi wa Dar es Salaam, alifikishwa mahakamani pamoja na askari wenzake. Agosti 17, 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru wote waliokuwa wamebaki kizimbani, akieleza kwamba wauaji halisi hawakuwa mbele yake na kuagiza watafutwe. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba Zombe hana hatia, lakini ikamtia hatiani ofisa mmoja, Christopher Bageni, na kumhukumu kunyongwa. Miaka kumi na miezi minane ilikuwa imepita tangu siku ile ya Januari.

Mara nyingi kesi hii huzungumzwa kama habari ya nani alishinda na nani alishindwa mahakamani. Kwa mkazi wa kawaida wa jiji ilikuwa na maana nyingine kabisa. Ilimfundisha kwamba neno “jambazi”, likitamkwa na mwenye sare, linaweza kumfuta mtu pamoja na biashara yake, ukoo wake na jina lake kwa jioni moja. Ilimfundisha pia kwamba dereva wa teksi, ambaye hakuwa na kosa zaidi ya kupata abiria, naye anaweza kuitwa jambazi. Mtu aliyejifunza hivyo huwaza mara mbili kabla ya kwenda kituoni kusema, “Mimi nimemwona fulani.”

Ni haki kusema kwamba jeshi lenyewe lilijua limeumia. Machi 2006 Said Mwema alichukua nafasi ya Omari Mahita kama Inspekta Jenerali wa Polisi. Mwezi uliofuata majambazi walivamia gari lililobeba fedha za benki ya NMB kwenye taa za Ubungo, mchana, na kumwaga damu mbele ya msururu wa magari. Mwema angeweza kujibu kwa mtutu peke yake na umma ungemwelewa. Badala yake alihubiri mambo matatu: usasa, weledi na polisi jamii. Dar es Salaam ikafanywa Kanda Maalumu yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Namba za simu za makamanda zilichapishwa ili raia wawasiliane nao moja kwa moja, jambo ambalo leo linaonekana dogo lakini kwa wakati ule lilikuwa kama kufungua dirisha katika nyumba iliyofungwa miaka mingi.

Dirisha hilo halikufunguliwa na Mwema peke yake, wala yeye hakuwa wa kwanza kujaribu. Sungusungu, walioanzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliletwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kila kaya ilitakiwa kutoa mtu wa doria au kulipa. Wezi walipungua katika mitaa kadhaa, lakini baadhi ya walinzi wakageuka kuwa mahakimu wa fimbo, na waliochoka kukesha wakaacha kujitokeza. Mwaka 1997 ukaja mpango wa kuifanya Dar es Salaam jiji salama, kwa msaada wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Baada ya hapo ulinzi shirikishi, na katika miaka ya karibuni Polisi Kata, ambapo mkaguzi wa polisi anapangiwa kata moja na kutakiwa ajulikane na watu wake.

Mipango hii yote ni mizuri na yote ina ugonjwa mmoja. Inategemea mtu. Akiwapo kamanda au mwenyekiti wa mtaa mwenye moyo, vijana wa doria hupata tochi, filimbi na makoti ya mvua, na michango hukusanywa kwa stakabadhi. Akihamishwa, stakabadhi hutoweka kwanza, kisha vijana, kisha mpango wenyewe. Kijana anayekesha usiku kucha bila posho ya uhakika, akijua kwamba akijeruhiwa hana bima, huanza kutafuta posho yake mwenyewe kwa wapita njia. Hapo mkazi anakuwa na watu wawili wa kuwaogopa gizani badala ya mmoja.

Tumekuja kuona gharama ya udhaifu huo katika jambo la Panya Road. Januari 2, 2015 jioni, taharuki ilianza Magomeni na kusambaa hadi maeneo mengi ya jiji, maduka yakafungwa na watu wakakimbia bila kujua wanamkimbia nani. Vijana waliotajwa kuwa chanzo walikuwa wakitoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi wenye hasira. Tukumbuke mnyororo huo: kijana aliyeuawa bila mahakama, mazishi, hasira, taharuki ya jiji zima, halafu msako uliokamata mamia. Kati ya hao mamia, nani alikuwa mhalifu na nani alikuwa amesimama kijiweni tu? Mtu wa kulijibu swali hilo alikuwa mjumbe na jirani, na hao hawakuulizwa.

Mwaka 2022 Panya Road wakarudi wakiwa wakali zaidi. Walivamia nyumba kwa makundi wakiwa na mapanga, wakajeruhi na kuua. Septemba mwaka huo, baada ya mwanafunzi kuuawa Kawe, hasira ya umma ilifika kileleni, na siku chache baadaye polisi wakatangaza kuwaua watuhumiwa sita katika majibizano. Pongezi zilikuwa nyingi. Sina sababu ya kusema kwamba maelezo ya polisi kuhusu tukio lile hayakuwa ya kweli. Ninachosema ni kwamba sisi wakazi wa jiji hili hatukuuliza, ilhali tulikwishaoneshwa msitu wa Pande.

Kutouliza huko si bure. Mtuhumiwa aliyekufa hasemi nani alimnunulia simu za wizi, nani alimhifadhi, nani alimkodishia pikipiki. Anazikwa na mtandao wake ukiwa salama. Katika wizi wa jiji hili, vibaka na vishandu wa pikipiki ni mikono tu. Mnunuzi wa mali ndiye tumbo, na mnunuzi hajawahi kupigwa risasi katika majibizano yoyote.

Pamoja na hayo, haitakuwa uungwana kumwandika askari kana kwamba yeye hana damu. Julai 12, 2015 watu wenye silaha walivamia kituo cha Stakishari, Ukonga, wakaua watu saba, wanne kati yao wakiwa polisi, na kuondoka na bunduki. Agosti 23, 2016 askari wanne wengine waliuawa Mbande, Temeke, walipokuwa katika lindo la benki. Agosti 2021 mtu mmoja aliwaua kwa risasi askari watatu na mlinzi mmoja karibu na Ubalozi wa Ufaransa. Askari wa cheo cha chini anaishi katika kota iliyobanana au amepanga uswahilini jirani na wale wale anaotakiwa kuwakamata, anapanda daladala na sare yake, na anapoambiwa na mlalamikaji “njoo haraka”, mara nyingi gari la kituo halina mafuta. Mlalamikaji ndiye hutoa fedha za mafuta. Kinachoanza kama msaada wa dharura huishia kuwa bei.

Na bei hiyo ina watu wanaoijua vizuri. Kuta za vituo vya polisi zina matangazo kwamba dhamana ni haki na hailipiwi. Waliowahi kufuatilia ndugu aliyewekwa mahabusu Ijumaa jioni wanajua tofauti ya maandishi ya ukutani na maneno ya kaunta. Kibaya zaidi ni kubambikiwa kesi. Unyang’anyi wa kutumia silaha ni kosa lisilo na dhamana na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kosa zito namna hiyo lina sababu ya kuwapo katika vitabu vya sheria. Lakini mikononi mwa mpelelezi asiye mwaminifu, kulitaja tu kunatosha kumfanya mzazi auze kiwanja.

Serikali haikulifumbia macho hili. Januari 31, 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya kuangalia jinsi ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai 15 mwaka huo alikabidhiwa ripoti. Tume ilisema waziwazi kwamba Jeshi la Polisi linahitaji kufumuliwa na kusukwa upya, na kwamba liache kuwa jeshi na kuwa chombo cha kutoa huduma.

Wapo waliolicheka pendekezo hilo la jina. Wana hoja, maana jirani zetu wamelijaribu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwapa polisi jina la huduma, lakini Juni 25, 2024 jina hilo halikuwazuia kuwapiga risasi waandamanaji katikati ya Nairobi. Hata hivyo Kenya ilifanya jambo la pili ambalo Tanzania haijalifanya: kwa sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, isiyo chini ya mkuu wa polisi, yenye wachunguzi wake.

Kesi ya wakili Willie Kimani inaonesha uwezo na mipaka ya chombo hicho kwa pamoja. Mteja wake, dereva wa bodaboda, alikuwa amepeleka kwenye mamlaka hiyo malalamiko dhidi ya askari aliyempiga risasi. Juni 2016 wakili, mteja na dereva wa teksi walitekwa baada ya kutoka mahakamani na kuuawa. Malalamiko hayakumkinga mlalamikaji. Lakini Februari 2023 askari huyo, Fredrick Leliman, alihukumiwa kifo na wenzake wakapewa vifungo virefu. Msomaji wa Dar es Salaam hawezi kusoma habari ya dereva yule wa teksi bila kumkumbuka wa Sinza.

Hapa kwetu malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa zaidi kwa polisi wenyewe. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo tangu mwaka 2001, ila kazi yake ni kuchunguza na kupendekeza. Haki inapopatikana hupatikana kwa kelele za ndugu au kwa amri ya Rais, kama ilivyokuwa 2006, na kama ilivyokuwa tena 2022 baada ya mfanyabiashara mwingine wa madini kuuawa mikononi mwa polisi, safari hii Mtwara. Juni 2025 Mahakama Kuu iliwahukumu kunyongwa maofisa wawili kati ya saba walioshtakiwa kwa mauaji hayo. Marehemu asiye na ndugu wenye sauti hana njia hiyo.

Yaliyotokea Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, na siku zilizofuata yameifanya kazi hii kuwa ngumu maradufu. Maandamano yalizuka, watu waliuawa, mali zikachomwa, na wakazi wa Dar es Salaam wakatangaziwa amri ya kutotoka nje usiku. Idadi ya waliokufa imebishaniwa vikali. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi, na mwenyekiti wake akawa yuleyule Jaji Chande Othman aliyekuwa amekwisha kusema kwamba polisi wanahitaji kusukwa upya. Makala haya hayahusu siasa za uchaguzi. Lakini mkaguzi wa kata aliyetumwa kujenga urafiki na vijana wa Kimara au Mbagala sasa anakwenda kwenye vijiwe ambako wapo waliozika wenzao.

Mambo makubwa huchukua muda, na sheria ya kuunda chombo huru ni ya Bunge. Yapo mengine ambayo kamanda wa mkoa wa kipolisi anaweza kuyaanza wiki hii. La kwanza ni siri ya mtoa habari. Malalamiko ya siku zote ni kwamba jina la aliyetoa taarifa humfikia mtuhumiwa kabla hajafika mahabusu. Askari anayevujisha jina aadhibiwe hadharani kama yule aliyeiba bunduki, kwa sababu madhara yanalingana. La pili ni PF3. Viongozi wa Serikali wamekwisha kutamka kwamba majeruhi atibiwe kwanza, fomu ifuate, ila bado wapo majeruhi wanaorudishwa kituoni damu ikiwatoka. Mtu aliyekatwa panga akipokelewa vizuri siku hiyo, atarudi kuwa shahidi.

Mengine yamo nje ya polisi kabisa. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeweka namba kwenye nyumba ambazo zamani zilielekezwa kwa “ukifika kwenye mwembe kata kushoto”, na gari la doria halina tena kisingizio hicho. Barabara na taa zilizojengwa katika baadhi ya mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke chini ya mradi wa uendelezaji wa jiji zimewapa wauza chipsi na wauza genge saa za ziada, na mahali penye genge lililo wazi saa nne za usiku si rahisi mtu kupigwa ngeta.

Halafu kuna jambo ambalo kwa kawaida haliingii katika hesabu za polisi. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini, na huduma hiyo baadaye ikafika Mwananyamala na Temeke. Teja anayetafuta fedha ya kete asubuhi ndiye anayeng’oa vioo vya magari, vitasa na mifuniko ya mashimo ya maji taka. Akipata kikombe chake cha dawa dirishani, mbele ya muuguzi, asubuhi hiyo haibi kioo. Kliniki hizo zinahitaji kuwa karibu zaidi na Mbagala, Gongo la Mboto na Bunju, maana mgonjwa anatakiwa kufika kila siku, na asiye na nauli ya kufika kliniki anajua pa kuipata.